Mji Unaosikika Gizani: Umbo la Petit Pays

Gaël Faye alipotoa riwaya yake Petit Pays mwaka 2016, ikatwaa tuzo ya Goncourt des Lycéens huko Ufaransa, sifa nyingi zilikwenda kwa habari zake: utoto, vita vya Burundi, mauaji ya kimbari ya Rwanda. Ni sifa za haki. Hata hivyo, kinachoifanya Bujumbura iishi kitabuni ni umbo, hasa uamuzi wa mwandishi kuhusu nani aonekane na nani asikike tu.

Kinachoonekana ni kidogo. Gabriel, msimulizi wa riwaya, mtoto wa baba Mfaransa na mama Mnyarwanda, anakaa Kinanira, mtaa wa Bujumbura, kwenye kijia kisichopenya. Hapo pana maembe ya kuiba, kombi bovu ambalo yeye na wenzake wamelifanya maskani, na jirani Mgiriki anayemwazima vitabu. Sura ni fupi, na sentensi haziendi mbali kuliko macho ya mtoto. Mji wenyewe, ambao Wajerumani waliuanza kwa kambi ya kijeshi mwaka 1897 na ambao ulibaki na jina la Usumbura hadi uhuru wa 1962, unamfikia kwa masikio. Tazama siku Rais Ndadaye wa Burundi alipouawa, Oktoba 1993. Hatuoni kifaru wala ikulu. Redio inapiga muziki wa Wagner, na watu wazima wanaelewa mara moja, kwa kuwa mapinduzi ya 1966, 1976 na 1987 nayo yalikuja na muziki wa aina hiyo. Faye anayapanga mapinduzi kwa tarehe na kwa kipande kilichopigwa. Historia nzima ya nchi inapita kwenye spika ya redio, na hakuna aliyeinuka kitini.

Sura iliyo kiini cha kitabu, kwa maoni yangu, ni ile ya kabare, yaani baa ya mtaani. Watu wamekaa gizani na bia zao, taa hakuna, na mazungumzo yanaandikwa bila majina. Hujui anayesema ni Mhutu au Mtutsi, bosi au mlinzi. Mmoja analalamikia serikali, mwingine anamkata kauli, wa tatu anacheka. Katika mji ambao muda si mrefu mtu atauawa kwa sababu ya umbo la pua yake (na dibaji ya riwaya inaanza na habari hiyo hiyo ya pua), mwandishi anamnyima msomaji pua zote. Huu si urembo wa uandishi. Hapa umbo limebeba msimamo.

Barua ambazo Gabriel anamwandikia Laure, msichana wa Ufaransa, mwanzoni zilinichosha kidogo; zinaeleza nchi kwa mgeni, na msomaji wa Bujumbura hahitaji kuelezwa. Baadaye nikaona kazi ya barua hizo. Gabriel anapolazimishwa kushiriki mauaji ya mtu aliyefungiwa ndani ya teksi, barua inayofuata haielezi chochote. Theluji inaanguka Bujumbura, sentensi baada ya sentensi, katika mji usioijua theluji. Mtoto aliyezoea kufafanua kila kitu ameishiwa ufafanuzi, na barua ile ile iliyokuwa dirisha imefungwa kwa ndani.

Mwishoni Gabriel, sasa mtu mzima, anarudi kwenye kabare. Giza ni lile lile, sauti hazina majina kama zamani. Kisha sauti moja anaitambua: ni mama yake, ambaye mauaji ya Rwanda yalimvunja akili. Pigo hilo lisingekuwa na uzito kama sura ya kwanza ya kabare isingetufundisha kusikiliza bila kuuliza nani anasema.

Kasoro ya kitabu kwangu ni moja. Kijia cha Kinanira kiko mbali na Buyenzi, mtaa wa Waswahili wenye barabara za namba na soko la Ruvumera, mtaa ambao katika miaka ile ya tisini Wahutu na Watutsi waliendelea kuishi pamoja wakati mitaa mingine ikigawanyika. Faye aliandika alichokisikia akiwa kwao, na aliandika vizuri sana. Sauti za Buyenzi zinahitaji sikio lililokulia kule. Waandishi wa Kiswahili wa Bujumbura, kazi hiyo ni yenu.