Kioo cha Billy Wilder

Billy Wilder alishika uongozaji Hollywood kwa hasira, na aliyeiwasha hasira hiyo ni mende. Mwaka 1941 yeye na Charles Brackett waliandika Hold Back the Dawn, kisa cha mkimbizi aliyekwama Mexico akingoja viza ya Marekani. Wilder aliwahi kungoja viza hiyohiyo Mexicali, mwaka 1934. Katika skripti, mkimbizi yuko hotelini, anamzibia njia mende ukutani na kumdai hati za kusafiria, kama afisa wa mpakani. Charles Boyer, nyota wa filamu, akagoma: aongee na mdudu? Mwongozaji, Mitchell Leisen, akamkubalia, na mende akafutwa. Mwaka 1942 Wilder alikuwa tayari anaongoza The Major and the Minor.

Ungetarajia mtu aliyepigania maneno yake hivyo ajaze maneno. Lakini tazama The Apartment ya mwaka 1960, aliyoiandika na I.A.L. Diamond. Baxter, karani wa bima, huwaazima mabosi fleti yake ili wakutane na vimada. Siku moja anamrudishia bosi mkuu, Sheldrake, kikasha cha poda kilichosahaulika humo. Kioo chake kimepasuka. Mazungumzo mafupi, tena ya kuchekesha. Mtazamaji anapita bila kukitilia maanani.

Kisha inafika sherehe ya Krismasi ofisini. Baxter kanunua kofia mpya na anataka Fran, mwendesha lifti anayempenda, amwambie kama inamkaa. Fran anampa kikasha ajitazame. Kisha tunaona kioo: sura ya Baxter, kofia na yote, imekatwa vipande viwili na ufa ule ule.

Mwandishi mwingine angemleta mmbeya. Hapa hakuna anayemweleza Baxter lolote, na sisi tunang'amua sekunde ileile anayong'amua yeye, kwa sababu ufa tulishaonyeshwa. Kazi yote ilifanyika mapema, katika onyesho tulilolidhania kichekesho. Jack Lemmon, anayemwigiza Baxter, naye hafanyi kituko. Uso unapoa tu. Kwangu hiyo shoti moja inatosha kueleza Oscar tatu alizobeba Wilder kwa filamu hii, ya utayarishaji, uongozaji na uandishi.

Na hata hapo Wilder hampi Baxter nafasi ya kuugulia. Simu inalia. Ni Sheldrake, anaulizia fleti ya jioni, na Baxter anajibu kwamba mti wa Krismasi umeshasimamishwa.