Umejengwa na Wazawa, Halafu?

Tuseme unauza ndizi kwa jumla pale Mahakama ya Ndizi, Mabibo, na unataka programu ya kutunza hesabu. Unaweza kununua iliyo tayari, kama shati la dukani, au ukampa kijana anayejua kompyuta akutengenezee, kama kushonesha kwa fundi. Serikali nayo imepita njia hizo zote mbili. Zabuni za umma zilikuwa zikipitia TANePS, mfumo uliotoka kampuni ya European Dynamics ya Ulaya. Julai 2023 PPRA ikaanza kutumia NeST, uliojengwa na wataalamu wetu, na Oktoba mwaka huohuo TANePS ikawekwa kando.

NeST imesifiwa, na kwa haki: kanuni za ununuzi zikibadilika, wa kurekebisha yuko hapahapa. Ninachopinga ni ile hoja ya vijiweni kwamba mfumo ukijengwa na wazawa basi hatari imekwisha.

Programu ya dukani imeshatumiwa na wengi, kwa hiyo makosa mengi yameshaonekana kabla hayajakufikia wewe. Hatari yake ni kutokukutosha. Jiji la Birmingham, Uingereza, lilinunua mfumo wa Oracle, likaukatakata ili ufuate taratibu zake za zamani. Ulipowashwa Aprili 2022, hesabu za benki hazikulingana. Bajeti ya awali ilikuwa chini ya pauni milioni 20. Makadirio ya baadaye yakapita milioni 100.

Wa kushonesha unakutosha, lakini mtu wa kwanza kuujaribu ni wewe. Horizon, mfumo wa posta ya Uingereza, ulitengenezwa na ICL, kampuni ya hukohuko iliyomilikiwa na Fujitsu ya Japani. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Wasimamizi wa vituo vya posta wakalalamika, mahakama zikaamini kompyuta, na zaidi ya watu 900 wakatiwa hatiani. Uzawa wa mafundi haukuwasaidia kitu.

Kuna na hatari nyingine, hii tunaijua sana kibongobongo: maarifa yote kukaa kichwani mwa watu wawili watatu. Kijana wako akipata ajira Dodoma, mwenye kuielewa programu yako kaondoka nayo.

Kwa hiyo msomaji, ukisikia mfumo unasifiwa, wa dukani au wa nyumbani, uliza mambo matatu. Maelezo ya jinsi unavyofanya kazi yameandikwa? Kuna mkaguzi ambaye hakuujenga? Mtumiaji akisema "mfumo umekosea", nani analazimika kumsikiliza?

Kwa NeST, hilo la tatu ndilo zito. Mzabuni mdogo akienguliwa na kompyuta, kujua kwamba aliyeiandika ni Mtanzania mwenzake hakumrudishii zabuni.