Gazeti, Kamera na Maiti: Jinsi Sizwe Banzi Ilivyojengwa

Mtu anaingia jukwaani na gazeti mkononi. Anaketi, analifungua, anaanza kusoma vichwa vya habari na kuvitania. Gazeti ni la siku hiyohiyo, kwa hiyo utani wa jana haurudiwi leo. Watazamaji wanacheka na kujiachia, wanadhani wamekuja kustarehe tu. Hivyo ndivyo John Kani alivyoufungua mchezo wa Sizwe Banzi Is Dead, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 8 Oktoba 1972 katika ukumbi wa The Space, Cape Town. Michezo iliyoupiga vita ubaguzi wa Makaburu ni mingi, lakini kwa ufundi sijaona unaoushinda huu, na sehemu kubwa ya ufundi wenyewe imejificha katika vitu vidogo kama hilo gazeti.

Waliouzaa walikuwa Serpent Players, kundi la New Brighton, kitongoji cha Waafrika huko Port Elizabeth. Mwaka 1963 wakazi wa kitongoji hicho walimwendea mwandishi Athol Fugard, Mzungu, wakitaka washirikiane naye katika maigizo. Jina la kundi lilitokana na mahali walipoigizia mwanzoni, shimo la jumba la makumbusho lililokuwa la kufugia nyoka. Polisi hawakuwapa nafasi ya kupumua, na baadhi ya wenzao waliishia gerezani Robben Island. Kani na Winston Ntshona walijiunga baadaye.

Hawakuanza na mswada, walianza na picha. Fugard alikuwa ameona picha ya mtu iliyopigwa studio, mwenyewe amevaa suti, sigara mkono mmoja na kiko mkono mwingine, tabasamu limejaa uso. Wakajiuliza: mtu mweusi katika nchi hii anatabasamu hivi kwa lipi? Wale watatu wakajifungia, wakabuni kwa kuigiza, wakatupa yasiyofaa, wakabakiza yaliyosimama. Ndiyo maana mazungumzo ya mchezo huu yana harufu ya kitongoji na si ya meza ya mwandishi. Ulipochapwa kitabuni mwaka 1974, majina yote matatu yaliwekwa kama watunzi. Tena kuna faida nyingine isiyosemwa sana: maneno yaliyo kichwani mwa mwigizaji hayapekuliwi kwenye droo.

Sheria nayo ilikuwa na mlango wa kuzungukwa. Tangu mwaka 1965 amri ya serikali ilikataza watu wa rangi mbalimbali kuchanganyika jukwaani na kwenye viti vya watazamaji. The Space ikaendeshwa kama klabu ya wanachama, ili watazamaji waonekane kuwa wageni wa faragha. Waigizaji wenyewe walikuwa na tatizo jingine, kwani pasi, kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimika kukibeba, haikutambua uigizaji kuwa ni kazi. Kwa hiyo Kani na Ntshona waliandikishwa kama watumishi wa nyumbani kwa Fugard. Kwa maneno mengine, ule ujanja wa makaratasi walioupeleka jukwaani ndio waliokuwa wakiuishi mchana.

Sasa tuutazame mjengo. Sehemu ndefu ya mwanzo ni ya Styles, mpiga picha aliyeacha kazi katika kiwanda cha Ford akafungua studio yake. (Kani aliwahi kufanya kazi Ford, na inaonekana.) Styles anasimulia siku bosi mkubwa kutoka Marekani alipotembelea kiwanda. Msimamizi Mzungu anamwamuru awatafsirie wafanyakazi maagizo, naye anayatafsiri kwa namna yake, akimkejeli bwana huyo mbele ya uso wake huku bwana akitikisa kichwa kwa kuridhika. Mwigizaji ni mmoja, lakini anamtoa msimamizi kwa kifua, mgeni kwa mwendo, wafanyakazi kwa sauti. Kicheko hiki kina kazi yake, kwani kinamfanya mtazamaji awe upande wa Styles kabla hajaombwa kuchagua upande.

Ndipo Ntshona anapoingia, mtu wa shamba, suti mpya, anataka picha ya kumtumia mkewe Nowetu. Styles anampanga, anamwambia atabasamu, taa inamulika, naye anaganda. Kisha picha inaanza kusema. Tunachosikia ni barua anayomwandikia mkewe, na barua inaturudisha nyuma kwenye siku zilizopita. Kani, bila kuondoka jukwaani, sasa ni Buntu, mwenyeji wa mgeni huyo. Hakuna pazia wala kubadilisha mandhari. Meza, kiti na kamera vinatosha, na mchezo wa namna hiyo unabebeka kwenye gari hadi kwenye ukumbi wowote wa kitongoji.

Kisa ni hiki. Pasi ya Sizwe Banzi, ndiye huyo mgeni wa Buntu, imegongwa muhuri wa kumtaka aondoke Port Elizabeth. Usiku, wakitoka kulewa, Buntu anataka kujisaidia gizani, anakuta maiti. Marehemu, Robert Zwelinzima, ana pasi yenye kibali cha kutafuta kazi. Je, Sizwe achukue pasi hiyo, aliache jina la baba yake lizikwe na mtu asiyemjua? Wasomaji wa Kenya ambao babu zao walivalishwa kipande shingoni hawahitaji maelezo zaidi.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame. Sisi tumezoea ngonjera, mashairi ya majibizano. Tangu mshairi Mnyampala alipozieneza, mjinga huuliza, mjuzi hujibu, na mwishoni mjinga husalimu amri. Ni chombo kizuri cha kueneza jambo ambalo jibu lake limeshapitishwa. Sizwe Banzi inafanya kinyume chake. Buntu ana hoja: jina halilishi watoto. Sizwe naye ana hoja: bila jina mimi ni nani? Wote wawili wana haki, na mchezo haumpi yeyote kura ya mwisho. Ulipoonyeshwa New Brighton, watazamaji waliusimamisha, wakaanza kubishana wao kwa wao kama achukue au asichukue. Waigizaji wakasubiri. Watu wasioruhusiwa kufanya mkutano wa siasa walikuwa wamefanya mkutano, na ajenda ilikuwa maisha yao.

Baada ya hapo linakuja onyesho la kukariri namba ya pasi. Buntu anajifanya polisi, kisha anajifanya watu wengine wa kila siku, akimuuliza jina na namba, tena na tena, mpaka ulimi wa Sizwe uzoee. Tunacheka, halafu tunagundua kwamba tunatazama mtu akifutwa. Hakuna mhusika anayesema ubaguzi ni mbaya.

Kasoro zipo. Nowetu, ambaye barua yote ni yake, hana sauti hata ya dakika moja, na mzigo wa mke aliyeachwa kijijini na watoto unabaki nje ya fremu. Tena mchezo haukuwa kitu kilekile kila mahali. London mwaka 1973 na New York mwaka uliofuata walishangilia, na mwaka 1975 Kani na Ntshona wakapewa tuzo ya Tony kwa pamoja, lakini mtazamaji wa huko hakuwa na pasi mfukoni wakati anacheka. Serikali ilijua tofauti hiyo. Mwaka 1976, baada ya kuuonyesha Butterworth huko Transkei, waigizaji wote wawili walikamatwa na kuwekwa ndani. Sheria za pasi zilifutwa mwaka 1986, miaka 14 baada ya onyesho la kwanza, na wala si kwa nguvu ya mchezo peke yake.

Kwa makundi yetu ya sanaa za jamii yanayoandaa michezo ya kupinga kubaguana, kwa rangi au kwa kabila, mswada upo katika kitabu cha Statements. Usomeni na kalamu mkononi, mtie alama kila mahali ambapo watunzi wangeweza kuhubiri wakanyamaza.