Uzi wa E Haukulegezwa

Kosa la onyesho lile lilifanyika kabla fidla haijatoa hata noti moja. Piano ilikuwa ikihesabu saa sita ya usiku, D ileile ikigongwa mara 12, na mpiga fidla amesimama na upinde mkononi, uzi wake wa E ukiwa palepale ulipokuwa tangu mwanzo wa jioni. Hakuulegeza. Zamu yake ilipofika akazibana A na E-flati kwa vidole, katika nyuzi za kati, na kuanzia hapo Ngoma ya Mauti ya Camille Saint-Saëns ikawa kipande kingine kabisa: safi, chenye kasi, kilichopigwa na mtu anayekijua chombo chake, lakini ambamo Mauti hakuwemo. Najua wengi mlipiga makofi. Mimi nasema uamuzi ule haukuwa suala la ladha, ulikuwa makosa, na sababu zake zimo ndani ya muziki wenyewe.

Kisa cha kipande hiki mnakijua, kwa hiyo sitakirefusha. Mwaka 1872 kilikuwa wimbo wa sauti na piano, kwa maneno ya mshairi Henri Cazalis, ambamo Mauti anapiga fidla usiku wa manane na mifupa inacheza. Mwaka 1874 mtunzi akakipanua kuwa kipande cha okestra nzima, na katika kukipanua alifanya jambo moja linalozidi yote: alimwondoa mwimbaji, mahali pake akaweka fidla. Tangu siku hiyo fidla haisimulii habari za Mauti, fidla ndiyo Mauti. Na ili isifanane na fidla ya mtu aliye hai, Saint-Saëns akaagiza mpiga fidla wa solo aushushe uzi wa E nusu toni, uwe E-flati. Katika fidla ya kawaida kila uzi na jirani yake hupishana kwa toni tatu na nusu, na ndiyo maana fidla ikilinganishwa vizuri husikika imetulia hata kabla ya wimbo kuanza. Ukiushusha uzi wa juu, kati yake na uzi wa A zinabaki toni tatu tupu, ule mwachano wa tritoni ambao wanamuziki wa Ulaya waliuhusisha na shetani kwa vizazi vingi. Tazameni alichokifanya mtunzi. Hakumwambia mpigaji atafute noti ya kutisha, alikiharibu chombo chenyewe. Mauti anapitisha upinde juu ya nyuzi tupu, hajabana chochote, na ubaya unatoka.

Sasa turudi kwenye mkono wa kushoto wa mpigaji wetu. Uzi wa E ukibaki E, hauwezi kutoa E-flati, kwa kuwa hiyo ni noti ya chini kuliko uwezo wake. Basi E-flati inabidi itafutwe kwenye uzi wa A, na A yenyewe ihamie uzi wa D. Kidole kimoja kinabana uzi wa D, kingine kinabana uzi wa A nusu toni nyuma yake, mkono ukiwa umesogea juu kidogo ya shingo ya fidla. Kwa hiyo uzi wa chuma, ule mkali unaopasua ukumbi, haumo kabisa katika milio ya kwanza ya Mauti, na nyuzi mbili zinazolia zote zimekatwa urefu na nyama ya vidole. Ncha ya kidole ni laini, inameza sehemu ya mlio. Uzi mtupu unatetemeka urefu wake wote kutoka daraja mpaka kichwani, na ukishushwa nusu toni mkazo wake unapungua kwa takriban asilimia 11, kwa hiyo mlio unalegea, unakuwa na ukali usio na afya. Ndio mlio alioutaka mtunzi. Tulichopewa ni noti mbili nene, za duara, zenye adabu.

Na kuna baya zaidi, ambalo nimeshalilalamikia mara nyingi katika safu hii. Kidole kikishagusa uzi, hakitulii. Mpigaji wetu aliitia vibrato tritoni ile tangu mlio wa kwanza, vibrato pana na yenye joto, kama vile anaanza wimbo wa mapenzi. Uzi mtupu hauna vibrato; hata ukitaka huwezi kuutikisa kwa kidole ambacho hakipo. Mtunzi alipochagua nyuzi tupu alikuwa pia amefunga mlango huo. Vibrato isiyokoma ni mazoea ya karne ya 20, na Fritz Kreisler anatajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeyaeneza. Rekodi chache alizoacha Joseph Joachim mwaka 1903 zinatuonyesha mkono wa karne ya 19 ulivyoitumia kwa uchache, kama kiungo. Sidai kila mtu arudi kwa Joachim. Nadai kwamba Mauti asiwe na mapigo ya moyo, na vibrato katika fidla inasikika kama mapigo ya moyo.

Nitajibiwa kwamba noti ni zilezile. A ni A, E-flati ni E-flati, na msikilizaji aliyekaa safu ya nyuma hajui wala hajali zimetoka uzi gani. Jibu la hoja hiyo lilikuwa ndani ya programu ileile. Ngoma ya Vibwengo ya Antonio Bazzini, iliyotoka mwaka 1852, ina sehemu inayotaka noti moja ipigwe mfululizo kwenye nyuzi zote nne. Kama uzi haubadilishi kitu, sehemu ile haina maana yoyote, ni noti moja inayorudiwa bila sababu. Lakini ina maana, na kila mtu ukumbini aliisikia: kibwengo yule mmoja anaita kutoka pembe nne, kila mara kwa koo jingine. Mpigaji wetu aliifanya kwa ustadi, nampa haki yake. Isikilizeni rekodi ya Jascha Heifetz ya mwaka 1917, akiwa kijana wa miaka 16, iliyonaswa kwa pembe ya chuma kabla ya enzi za maikrofoni. Hata kupitia ukwaruzo ule nyuzi zinatofautiana waziwazi, na hiyo ni kwa sababu Heifetz alielewa kwamba hapo rangi ndiyo muziki. Basi mtu anayejua kwamba noti moja ina sauti nne anapopiga Bazzini, anawezaje kusahau jambo hilo anapopiga Saint-Saëns usiku uleule?

Hoja ya pili ni ya kiutendaji, na ndiyo inayotajwa sana na wapigaji wenyewe. Uzi ukilegezwa ghafla hautulii. Mkazo kwenye daraja unabadilika, nyuzi nyingine zinasogea, uzi wenyewe unapenda kupanda polepole kurudi ulikotoka, na baada ya hapo kuna kipande kinachohitaji E ya kawaida. Yote ni kweli. Lakini tatizo hilo ni kongwe, na limeshatatuliwa. Heinrich Biber, katika sonata zake za Rozari za karne ya 17, alibadilisha ulinganisho wa nyuzi katika vipande 14 kati ya 16. Niccolò Paganini alipokuwa akipiga konseto yake ya kwanza alikaza nyuzi zote nusu toni juu, okestra ikipiga E-flati naye akibana vidole vya D, apate mng'aro wa nyuzi tupu ambao okestra nyuma yake haikuwa nao. Gustav Mahler, katika simfoni yake ya nne iliyopigwa kwa mara ya kwanza Munich mwaka 1901, alitaka kiongozi wa fidla akaze nyuzi toni nzima juu, naye pia kwa ajili ya Mauti mpiga fidla; na mpaka leo viongozi wa okestra hukaa na fidla mbili, moja mkononi na moja pembeni, wakibadilisha katikati ya kazi mbele ya ukumbi mzima bila mtu kushangaa. Wapiga fidla wa Misri, ambako taarabu ya Zanzibar ilichota sana, huzishusha nyuzi mbili za juu zikawa G na D, na hakuna anayeliita jambo hilo usumbufu. Mtu anayetembea dunia kwa kupiga fidla hashindwi kupata fidla ya pili kwa usiku mmoja.

Wapo watakaosema kwamba okestra ni okestra, na fidla na piano ni jambo jingine. Kwamba mtunzi mwenyewe alikipunguza kipande kwa vyombo viwili mwaka 1877, na mwenye kupunguza ameshakubali kupoteza. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, lakini inaelekea upande wangu. Hesabuni kilichopotea. Kinubi kilichopiga saa kimekwenda. Zilofoni iliyogonganisha mifupa imekwenda. Oboe iliyowika kama jogoo alfajiri imekwenda. Vyote hivyo piano inaviigiza, na mpiga piano wa usiku ule aliviigiza vizuri: ile milio 12 ilikuwa sawasawa, bila pedali kuichafua. Katika okestra nzima, chombo pekee kilichovuka kikiwa na mwili wake ni fidla. Mlio pekee wa asili uliobaki ni wa uzi ule ulioshushwa. Katika okestra ya watu 80 pengine ungeweza kuupoteza na kipande kikasimama, kwa kuwa mifupa na jogoo wangekusaidia. Katika vyombo viwili ukiupoteza, hakuna kilichobaki cha kukusaidia, na kinachosikika ni waltzi nzuri ya G maina.

Ipo pia hoja ya ugumu. Uzi wa juu ukishashushwa, kila noti iliyoko juu yake inahama nusu toni, na vidole vilivyozoea miaka 20 kwenda mahali pamoja vinatakiwa viende pengine, kwa kasi. Sikatai kwamba ni kazi. Ila tusisahau aina ya muziki tunaouzungumzia. Tartini, Paganini, Bazzini, Saint-Saëns: programu nzima ilijengwa juu ya madai kwamba mpigaji anafanya yasiyowezekana. Ugumu ndio bidhaa inayouzwa. Mpigaji anayebana hamoniki mbili kwa wakati mmoja na kudonoa pizikato kwa mkono wa kushoto, kisha akaukwepa uzi mmoja uliolegezwa, hajakimbia ugumu. Amechagua ugumu unaoonekana kwa macho na kuukwepa ule usioonekana.

Kuhusu sehemu nyingine za jioni sina mengi. Wachawi ya Paganini ilikuwa na nidhamu. Trili ya Shetani ya Giuseppe Tartini ilipigwa vizuri hasa pale kwenye trili zenyewe, ambapo kidole kinatetemeka katika uzi wa juu huku sauti nyingine ikiendelea kutembea chini yake; mistari miwili ilisikika miwili, si mmoja na kelele. Kadenza ya Kreisler iliwekwa mwishoni kama kawaida, na kama kawaida naona haikuhitajika. Tartini alisimulia kwamba shetani alimpigia ndotoni muziki ambao yeye alishindwa kuufikia alipoamka. Kuongeza kurasa za karne ya 20 juu ya kushindwa huko ni kumjibia shetani ambaye mtunzi alimwacha bila jibu. David Oistrakh, akiwa na Vladimir Yampolsky kwenye piano, naye aliichukua kadenza ile, lakini aliipiga kwa uzito wa mtu anayeendeleza hoja. Siku hizi inapigwa kama zawadi ya mwisho kwa wasikilizaji.

Na hapo ndipo naona chanzo cha lile kosa. Programu ilikuwa na mapumziko katikati. Baada ya mapumziko ilikuja Ngoma ya Mauti, kisha Ngoma ya Vibwengo ikafunga jioni. Kwa mpangilio huo uzi ungelazimika kushuka kisha kupanda tena jukwaani, na ninaelewa kwa nini mtu angeogopa. Lakini mpangilio haukutoka mbinguni. Vibwengo vingeweza kufungua sehemu ya pili kwa ulinganisho wa kawaida, kisha fidla ya pili, iliyoshushwa uzi tangu mchana na kutulia vya kutosha, ikachukuliwa kwa Saint-Saëns. Sababu ya kutofanya hivyo inajulikana na kila anayepanga maonyesho: Bazzini anaisha kwa kishindo na watu wanasimama, Saint-Saëns anaisha kwa noti chache za kudonoa na ukumbi unachelewa kujua kama kimekwisha. Makofi yalipangiwa nafasi kwanza, kisha uzi wa E ukafuata makofi. Vipande viwili vingebadilishana nafasi na kila kitu kingewezekana, pamoja na ule mlio wa kwanza ambao kipande kizima kimejengwa juu yake.