Ziwa Mweru lilivyokatwa vipande viwili

Mpaka wa Zambia na Kongo unaopita ndani ya Ziwa Mweru uliandikwa Brussels tarehe 12 Mei 1894, katika mkataba wa Uingereza na Mfalme Leopold wa Pili, mtawala wa Dola Huru ya Kongo. Kazi nzima ilihitaji alama mbili na mpindo mmoja. Alama ya kusini ni mahali Mto Luapula unapoingia ziwani. Ya kaskazini iko Pweto, maji yanapotoka na kuanza kuitwa Luvua. Unganisha hizo mbili kwa rula, ziwa limekatika.

Uhondo uko kwenye mpindo. Rula ingekiacha Kisiwa cha Kilwa upande wa Kongo, maana kiko jirani na ufuko wa magharibi. Mkataba ukaagiza mstari upindishwe huko kusini mwa ziwa ili kisiwa kiwe cha Waingereza, bila kutaja sababu. (Msomaji wa pwani asichanganye: Kilwa hii si ile ya Lindi.) Ndiyo maana leo kisiwa hicho kiko chini ya Wilaya ya Nchelenge, Zambia. Boti inayotoka Nchelenge hulazimika kuvuka sehemu kubwa ya upana wa ziwa kukifikia, ilhali mji wa Kilwa ulioko Kongo uko ng'ambo ya mlango mwembamba tu wa maji.

Njia hii haikuwa mbaya kuliko nyingine za zama zile. Ziwa Victoria lilikatwa kwa kufuata nyuzi 1 kusini mwa ikweta, kana kwamba hakuna watu. Kwa Nyasa, mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 ulitaja ufuko, na Malawi na Tanzania zinavutana hadi leo. Mweru angalau kila upande ulipata maji: kati ya kilomita za mraba zipatazo 5,100, Zambia ina takriban asilimia 58.

Kasoro ninayoiona haiko kwenye mstari. Iko kwenye alama yake ya kusini. Juu ya ramani, mto huingia ziwani kwa nukta moja. Luapula halisi hufika Mweru ukiwa umepita kwenye vinamasi vipana, katikati ya matete, mifereji na visiwa vya tope. Tena, kwa mto wenyewe mkataba ulichagua mkondo wenye kilindi kirefu zaidi kuwa mpaka, na mkondo wa namna hiyo huhama mchanga unapojaa.

Mambo haya yana uzito kwa mvuvi. Zambia hufunga uvuvi wa samaki kama pale, jamii ya perege, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili wazaliane. Marufuku hiyo inakoma kwenye mstari usio na boya wala nguzo, na samaki huuvuka bila kuulizwa kibali. Mvuvi wa chisense, dagaa wa Mweru wanaovutwa kwa taa usiku, naye hana cha kumwonyesha gizani kama bado yuko kwao. Askari wa doria anaweza kubeba kifaa cha kusoma latitudo na longitudo, lakini mkataba wa 1894 ulieleza mpaka huu kwa maneno. Kabla ya kuyageuza maneno hayo kuwa tarakimu, lazima kwanza mtu aamue mdomo wa Luapula ni upi.