Ala Kongwe na Mkono Uipigao

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu watumiao mali nyingi kukusanya magita makongwe ya kulaza mapajani, yale ambayo mpigaji huyapiga kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibana kwa vidole. Ufundi huo ulichipuka katika visiwa vya Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na jina linalotajwa zaidi katika asili yake ni la Joseph Kekuku. Gita la umeme la alumini lililoanza kuuzwa na Rickenbacker mwaka 1932, ambalo ni miongoni mwa magita ya umeme ya mwanzo kabisa, lilikuwa la namna hiyo. Kwa hiyo ukoo wa magita yaliyorindima katika bendi zetu, kama NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964, unagusa pia paja la mpigaji wa Hawaii.

Wakusanyaji hao wamegawanyika makundi mawili: wanaotundika ala ukutani na wanaozipiga. Mgawanyiko huo unatuhusu sisi pia. Je, ala ya kale huhifadhiwa kwa kutunzwa au kwa kupigwa? Hapana mahali panapofaa kuliuliza swali hili kuliko Bagamoyo, ulipo tangu mwaka 1981 Chuo cha Sanaa, ambacho mwaka 2007 kilifanywa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni.

Tulitazame zeze. Jina ni moja, ala ni zaidi ya moja. Kwa watu wa pwani zeze lilikuwa ubao mwembamba wenye kibuyu na vituo vya kubania uzi, nalo lina ndugu yake ng'ambo ya bahari, Bukini, aitwaye jejy voatavo. Kwa Wagogo zeze ni kibuyu kilichowambwa ngozi, chenye mti na nyuzi, nalo hupigwa kwa upinde. Zeze hili halina vituo: kidole huteleza juu ya uzi na sauti huteleza pamoja nacho, kama ilivyo kwa chuma cha Hawaii. Ala ya namna hii, ikiwekwa kabatini, hupoteza zaidi ya nusu ya maana yake, kwa kuwa elimu yake haikuchongwa katika mti. Imo mkononi.

Hukwe Zawose alilifahamu jambo hilo. Alitoka Ugogo, akaitwa na Mwalimu Nyerere kuja Dar es Salaam, kisha akafundisha na kuishi Bagamoyo hadi alipofariki Desemba 2003. Hakuwa mlinzi wa vitu vilivyokwisha. Aliunda malimba makubwa yenye vyuma vingi kupita desturi, na mazeze yenye nyuzi zaidi ya zile za wazee wake. Wako watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kuiharibu asili. Hoja hiyo haina nguvu. Anayeongeza uzi huku akishika mpangilio wa sauti wa Wagogo ameipanua nyumba bila kung'oa msingi.

Hata hivyo si kila upanuzi una heri. Katika santuri ya Chibite ya mwaka 1996 msikilizaji huisikia ilimba na mvumo wake wote, ule mkwaruzo ambao sikio geni hudhani ni kasoro, kumbe umetafutwa kwa makusudi. Katika Assembly ya mwaka 2002, Zawose alishirikiana na Michael Brook, fundi wa gita ambalo sauti yake haikatiki. Kazi hiyo inapendeza, lakini mara nyingi mitambo hujaza zile nafasi ambazo ilimba huziacha wazi ili ipumue. Tulinganishe na King Sunny Adé wa Nigeria, ambaye mwaka 1982, katika Juju Music, alilikaribisha gita la chuma lenye kanyagio katikati ya ngoma za Wayoruba. Hapo gita lilifuata ngoma. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ahame.

Kipimo cha mhakiki basi kisiwe umri wa ala, wala upya wake, bali ni nani anayeongoza. Kwa kipimo hicho kazi ya kizazi kilichofuata inatia moyo. Msafiri Zawose alitoa Uhamiaji mwaka 2017. Na mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose walitoa Maisha, wakizishika ilimba na zeze ambazo zamani zilikuwa zaidi mikononi mwa wanaume. Mila haikuvunjika, imepata mikono zaidi.

Iliyobaki ni kazi ya umma. Wizara ya utamaduni iliundwa mwaka 1962 kwa nia ya kuurudishia umma fahari yake, na fahari hiyo haiwezi kukaa katika kibandiko kitajacho kabila na mkoa bila kueleza jinsi uzi unavyokazwa. Kila zeze linalohifadhiwa na lipate mwanafunzi mmoja wa kulipiga na mwingine wa kuunda la pili. Kibuyu hupasuka, ngozi huliwa na wadudu, uzi hukatika. Mkono uliofundishwa huunda kingine, na ukishazeeka, huwa umekwisha kumfundisha mwenziwe.