Upanga na Jembe: Mfipa katika Visanamu vya Vita

Wapenzi wa michezo ya vita ya mezani, hasa wa Uingereza na Marekani, wameichezea Afrika Mashariki ya karne ya 19 kwa miaka mingi. Visanamu vyao vya madini au plastiki, vyenye kimo cha milimita 28 hivi, hupakwa rangi na kupangwa juu ya meza, na dadu huamua upanga wa nani umepata na wa nani umekosa. Wamo Waarabu wa Unguja, wapagazi, na ruga-ruga wa zama za Mirambo. Maadamu ni sanaa, yafaa ihakikiwe kama sanaa.

Umahiri wake hauko katika rangi peke yake, bali katika kugeuza. Fundi hukata mkono wa kisanamu, hutoboa, hupachika waya mwembamba, hugandisha mkono mwingine na kuziba ufa. Kazi hii ni nduguye tafsiri. Mzulu wa vita vya 1879 hugeuzwa Mngoni, na tafsiri hiyo ina msingi, kwani Wangoni wa Zwangendaba walitoka huko huko kusini.

Wangoni hao waliingia Ufipa katika miaka ya 1840, na Zwangendaba akafia huko. Basi atakaye kuujenga uwanda wa Sumbawanga mezani ana Mngoni tayari. Mfipa atamtoa wapi? Njia nyepesi ni kumpa mkuki ruga-ruga yeyote na kumbandika jina.

Kitabu cha Chris Peers, *Warrior Peoples of East Africa 1840–1900* (2005), chenye michoro ya Raffaele Ruggeri, kina sifa ya kutowachanganya watu wa bara katika chungu kimoja. Hata hivyo, jina lake ni chujio: mlango umefunguliwa kwa mpiganaji. Roy Willis, katika *A State in the Making* (1981), anawaeleza Wafipa wa karne hiyo kuwa jamii iliyotukuza kazi na amani. Si kwamba walikosa chuma. Malungu yao, matanuri ya udongo yaliyompita mtu kimo, yalivuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma kikasafishwa tena katika tanuri dogo lenye mivukuto. Mikuki ilitoka humo, na majembe na mashoka pia.

Mtu angedhani yatosha kuuondoa upanga na kuweka jembe. Haitoshi. Apigaye upanga husimama wima, mkono mmoja juu, macho kwa adui. Alimaye huinama, mikono miwili mpinini, macho ardhini. Fundi mwaminifu atalazimika kuukata mgongo na kuukunja upya. Hata nguo itamdai: Wafipa walifuma pamba yao wenyewe, kwa hiyo merikani ya misafara isipakwe kila kiuno.

Tena kanuni za mchezo nazo zitafsiriwe. Mchezo uhesabuo maiti tu humfanya mkulima kuwa askari dhaifu. Liwekwe lungu katikati ya meza, likiwaka, na ushindi wa Mfipa uwe kulilinda moto wake usizimike mpaka chuma kiive. Hapo Mngoni atakuwa na cha kuteka, na Mfipa atakuwa na sababu ya kuushika mkuki wake.